Namba ya Simu ya Mama Kataa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, Ndugu Mganga Mkuu, Ndugu Muuguzi Mkuu, wageni waalikwa, wafanyakazi wa kitengo cha kompyuta, baba, kaka zangu, na wewe mama uliyekaa hapo mbele ukikunja na kukunjua kitambaa: wakubwa shikamooni, na wenzangu hamjambo.

Mimi ni kitindamimba wa huyu mnayemuaga leo anapostaafu. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, na nakiri kwamba zote mbili huwa nazitumia kunyamazia. Ilipotakiwa familia iseme neno, kaka zangu walinigeukia mimi, eti ndimi nisiye na kazi. Nisameheni nikisoma karatasi bila kuinua macho.

Wengi mnamwita Mama Kataa. Mnajua aliwakatalia, sijui kama mnajua alikuwa akifanya nini. Ndani ya mfumo endeshi wa seva zenu kuna mlinzi, na mlinzi huyo ana kanuni moja: lisiloruhusiwa limekatazwa. Programu ya maabara ikitaka kuandika majibu ya vipimo, lazima ruhusa yake iwe imeandikwa mahali. Mama ndiye aliyeziandika ruhusa hizo mstari kwa mstari, akazikompaili, yaani akazigeuza ziwe lugha ya mashine, akazifunga kifurushi na kuzipakia kwenye seva. Maabara kifurushi chao, famasi chao, mapokezi chao. Ikienda vizuri kazi hiyo, nani anaijua? Ikienda vibaya, nani hajui pa kupiga simu?

Mwaka jana, siku ya wazazi shuleni, nilikubali kusoma insha yangu mbele za watu. Haikuwa imewahi kutokea kabla. Mama aliomba ruhusa kazini, akaja, akakaa safu ya pili. Kabla sijaitwa, nikaona simu yake inawaka mapajani. Akaisoma, akanitazama, akatoka kwa kunyata. Insha yangu nilikisomea kiti.

Baadaye baba alinileta hapa kumchukua, nikiwa bado na sare. Chumba cha seva kina baridi ya kumfanya mtu atubu, na chini ya kiyoyozi pana ndoo ya kukinga maji. Mheshimiwa, ndoo hiyo bado ipo. Mama alikuwa ndani ya sweta lake la kijivu, na pembeni yake amesimama kijana mnayemwita Fasta. Yeye ndiye aliyempigia, alipoona majalada ya wagonjwa yanafunguka bila mtu kuyafungua.

“Mama, mashine mpya ya maabara ilikuwa inagomewa na mlinzi,” alijitetea. “Nikachukua makatazo yote ambayo mlinzi aliyaandika wiki hii, nikayageuza ruhusa, nikafunga kifurushi, nikapakia. Majibu yakatoka. Maabara wakanipigia makofi.”

“Yote?”

“Si ndiyo yaliyokuwa yanapiga kelele?”

“Mwanangu, mlinzi akichoshwa na hodi anafungua ili apumzike?”

“Hapana, mama.”

“Haya. Programu ya printa ya mapokezi, wewe uliituma ikafungue majalada ya wagonjwa?”

Fasta akasogelea kioo cha kompyuta. “Hiyo sikuiona.”

“Ilikuwa inakataliwa kila siku. Kuna mtu amejificha humo, anatafuta njia. Wewe umemkaribisha, na kiti umemvutia.”

Hakumgombeza zaidi. Aliking’oa kifurushi kile, akafunga kipya chenye mistari ya maabara peke yake, akaizima printa. Jalada halikutoka nje hata moja. Kwenye gari akaniuliza, “Insha ilikwendaje?” Nikajipanga kumjibu. Nilipogeuka, alikuwa amelala, mdomo wazi, sweta bado mwilini.

Sisemi haya kumwaibisha Fasta. Leo hii anasoma katazo moja moja kama mtu anayechambua mchele. Mheshimiwa, wewe ni shahidi: juzi aliikatalia kompyuta yako mwenyewe, na nasikia hukufurahi. Je, kuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba mama ameacha mtu?

Basi hapa ndipo pagumu. Umesema muda mfupi uliopita kwamba mama anastaafu ila namba yake ya simu haistaafu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi naijua simu hiyo. Imekaa nasi mezani, imekwenda nasi msibani, na kila ilipowaka, mama aliinuka. Amechoka, Mheshimiwa. Nyumbani anavaa miwani kutafuta miwani. Nami nimechoka kuzungumza na mgongo wake. Naomba mbele ya hawa wote: futeni namba hiyo. Mkikwama, someni katazo, kisha muulizeni Fasta.

Asubuhi mama alinionya: “Mambo ya simu usiyaseme.” Kwa kanuni yake, nilikuwa nimekatazwa. Lakini yeye huyohuyo alinifundisha kwamba mlinzi anaweza kuwekwa katika hali ya kuachia: hazuii, anaandika tu kwamba fulani alipita. Mama, leo niandike. Nimepita.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nashukuru kwa nafasi. Wageni wetu, nashukuru kwa masikio yenu. Sasa nainua macho kidogo. Mama, simu yako imewaka mara mbili hapo mapajani nikisoma, nimeiona kwa pembe ya jicho, na hujainuka. Asante kwa kukaa mpaka mwisho.