Kawira Atafutiwa Mtu wa Ndani

Oktoba 2021, Sydney ilipofunguliwa baada ya kufungiwa ndani kwa miezi, benchi la nje ya stesheni ya Lidcombe lilipata watu wake kabla hata maduka hayajapata wateja. Omollo, aitwaye Wakili kwa kupenda ubishi, alikalia ncha moja. Lazare wa Burundi, aitwaye Balozi kwa kuwa hakuna msiba unaompita, alikalia nyingine na chupa yake ya kahawa. Katikati yao, barakoa kidevuni, alikaa Kawira, mwanafunzi wa chuo, roho juu. Kozi yake ilimtaka ajitolee kwenye jamii, na asipopata nafasi kufikia Ijumaa, kuhitimu kungesogea mwaka mzima. Alikitamani kituo kimoja cha Parramatta kilichowasaidia wazee wahamiaji kuweka vyeti vya chanjo kwenye simu, maana siku hizo bila cheti hata kinyozi alikuwa hakupokei.

Wakili alimsikiliza akitikisa kichwa.

— Bila mtu wa ndani, hiyo sahau. Niko na binamu wa nesi mmoja huko Bankstown. Tuanze na yeye.

— Bankstown na Parramatta wapi na wapi? Balozi akamkatiza. Dawa ni barua ya pasta. Hawa wazungu muhuri wanauheshimu.

— Muhuri wapi! Shida ni address. Huku kwetu magharibi ya jiji tulifungiwa vibaya kuliko wengine, wanatuogopa. Andika unakaa karibu na beach.

Balozi hakukubali kushindwa. Alikuwa amesikia kuna kompyuta inayochuja majina ya Kiafrika, kwa hiyo akashauri binti ajiite Karen mpaka ahitimu. Kawira akawakumbusha kwamba Ijumaa ni keshokutwa.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, Wakili akamtuliza, akajimiminia kahawa.

Kando yao alisimama Spéciose, mama Mrundi aliyehamia mtaani juzijuzi, na sare yake ya kulea wazee, akingoja treni ya kwenda kazini. Aliomba radhi kwa kuingilia.

— Mlipowapigia simu, walisema nini?

Hakuna aliyekuwa amepiga. Kawira aliona aibu, kwa sababu namba alikuwa nayo tangu mwezi uliopita. Aliogopa tu. Mara ya mwisho alipopigia simu ofisi fulani, lafudhi yake haikueleweka: aliambiwa arudie alichosema, arudie tena, kisha simu ikakatwa.

— Watakuambia urudie, Spéciose akasema. Mimi naambiwa kila siku. Unarudia tu, mdogo wangu.

Kawira alisogea pembeni akapiga. Jina lake alilirudia, mara ya pili kwa sauti zaidi. Mwanamke wa upande wa pili akamuuliza anajua lugha gani, na aliposikia Kiswahili akashusha pumzi: walikuwa na wazee wasio na mtu wa kuwaeleza. Angeweza kuanza Jumatatu?

Alirudi akicheka, machozi yako karibu. Wakili akaanza kufafanua jinsi alivyokuwa akielekea kwenye wazo hilohilo. Balozi alimwacha amalize, kisha akatoa simu yake na kumsogezea Kawira polepole.

— Hiyo Jumatatu, binti yangu, ni saa ngapi? Na miye cheti changu kimekataa kuingia.