Mzee Pimamaji na Paa Ambalo Hakulipima

Baada ya miaka thelathini na minne katika duka letu la vifaa vya kuezekea, Mzee Pimamaji anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Anaondoka akiwa mhesabu mizigo getini, ingawa alistahili kuondoka akiwa mkaguzi mkuu wa mapaa. Kamati ya kumuaga iliniagiza niandike sifa peke yake. Nitaziandika, lakini katika faili lake kuna kosa ambalo si lake, na sitaki aondoke nalo.

Alianza kwa kupakia mabati. Baada ya miaka sita alipewa meza ya ukaguzi, na hapo ndipo alipopata jina. Hakuna mteja aliyeuziwa vigae vya lami kabla Mzee hajapanda juu ya paa lake na pimamaji mkononi. Paa lenye mteremko mdogo kwake halikuwa na mjadala: vigae humwaga maji, havizuii maji. Paa likilala, maji nayo hulala, kisha hurudi nyuma chini ya kigae na kutafuta dari. Mapaa ya namna hiyo aliyaandikia karatasi nzito ya lami inayounganishwa kwa moto, hata mteja anune vipi.

Na walinuna! Bwana harusi mmoja alitaka vigae vyekundu kwa kuwa jirani anavyo, akabisha kwamba maji hayapandi mlima. Mzee aliinamisha kidogo ubao wa vigae juu ya meza, akamwomba aweke mkono chini yake, akamimina kikombe cha maji. Bwana harusi aliondoka na karatasi ya lami, mkono wa koti umelowa chapachapa. Bibi harusi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Miaka kumi na moja iliyopita Mzee alichukua likizo kwenda kumzika kaka yake. Mimi, karani wa meza ya pili, nilibaki na wateja wote. Akaja mkunga mstaafu, mama aliyezalisha nusu ya mtaa, mvua zinakaribia naye ana haraka. Nilifika kwake, nikalitazama paa kutoka barabarani, nikaona linatosha. Sikupanda. Kiwanja kile kimeinamia upande mmoja na paa limeinamia upande wa pili, kwa hiyo macho huongeza mwinamo wa ardhi juu ya mwinamo wa paa. Niliandika vigae kwenye fomu ya ukaguzi. Kisha nikagonga muhuri wa Mzee uliokuwa kwenye droo, nikarudisha tarehe nyuma siku nne, ionekane alipima yeye kabla ya kuondoka.

Mvua ya tatu iliangusha dari ya chumba cha kulala, na mkunga akavunjika mkono. Mzee alitoka msibani akakuta anaitwa ofisini. Alipoonyeshwa fomu alisema maneno matatu tu, "Muhuri ni wangu." Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwake nilikuwa mimi. Yeye akashushwa getini, mimi nikapewa kiti chake.

Kila asubuhi aliniuliza hali ya watoto. Mke wake, shemeji yetu mcheshi, aliacha kuja kwenye sherehe za wafanyakazi. Mkunga alipokutana na Mzee njiani aligeuza uso, naye Mzee alimwamkia vilevile. Mama yule alifariki mwaka jana akiamini bado kwamba ni Mzee aliyekosea. Naona aibu kuyaandika haya.

Jumatatu nilimpelekea meneja barua ya kukiri. Aliisoma, akasema faili lilishafungwa na cheo hakirudi wiki ya mwisho. Nikateremka getini kumwambia Mzee mwenyewe. Alikuwa anahesabu mafurushi ya vigae, akamaliza kwanza. Kisha akasema, "Nilijua siku ileile, mwanangu. Kuzijaza fomu zile si nilikufundisha mimi? Nilikuwa nakungoja tu."

Mzee wetu, kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa kila paa ulilopanda na kila mteja uliyekataa kumdanganya. Tunakuombea afya, mapumziko, na siku nyingi za kheri pamoja na shemeji. Kutoka mezani kwangu hadi getini kwako ni hatua sitini. Nisamehe, nilizitembea miaka kumi na moja.