Mzee Zedekiah Obonyo, Aliyeifufua Datsun Uani Kaloleni (1953–2025)

Baba yetu, Zedekiah Obonyo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953 katika mtaa wa Kaloleni, Nairobi. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Naftaly Ogada, mfanyakazi wa reli, na marehemu Mama Amondi. Alisoma shule ya msingi papo hapo mtaani, kisha akasomea ufundi wa bodi za magari. Akiwa kijana wa miaka kumi na saba aliona magari ya Safari Rally yakipita yamejaa matope, na miongoni mwayo zilikuwemo Datsun 240Z. Aliporudi nyumbani alimwambia mama yake kwamba siku moja ataendesha moja. Mama yake akamwambia aanze kwa kuosha viatu.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika karakana ya reli, akafanya kazi huko miaka thelathini hadi alipostaafu mwaka 2004. Wenzake walimjua kwa kunyoosha bati. Alikuwa akipitisha kiganja juu yake akiwa amefumba macho, na pale kiganja kilipokwama ndipo alipogonga.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa kanisani na Benta, fundi wa ngozi katika soko la Kariokor. Mungu aliwajalia watoto watatu: Maurine, Sylvance na Carolyne.

Mwaka 1996 aliikuta Datsun 240Z ya mwaka 1972 nyuma ya ghala moja Industrial Area. Ilikuwa bodi tupu, bila injini wala vioo, nyasi zikiota sakafuni. Mwenye ghala alimwambia, "Ukiweza kuitoa hapa, ni yako." Majirani sita waliisukuma juu ya mkokoteni hadi Kaloleni. Tunawashukuru hata leo, na wale waliokwisha kutangulia tunawakumbuka.

Mama alilizunguka gari lile mara moja, akauliza, "Baba Maurine, tuko watano. Viti viko wapi?"

"Ni viwili tu, mama. Nitawabeba kwa zamu."

Ilichukua miaka ishirini na miwili. Alikata kutu kipande kwa kipande, akachomelea bati jipya, akatengeneza bampa kwa mkono. Injini aliipata kwenye gari jingine lililogongwa. Rafiki yake wa karakana, Mzee Musyoka, alimsaidia kuifunga. Mama naye alishona viti kwa ngozi ya kahawia, ingawa alikuwa ameanika nguo juu ya gari hilo tangu sisi tukiwa shule.

Baba aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2012. Agosti 2018, wakati gari lilikuwa limebakiza kupakwa rangi na kufungwa nyaya chache, kidonda kilimlazimu akatwe mguu wa kushoto. Aliporudi nyumbani hakutoka kwenda uani kwa wiki tatu. Siku moja alimwita Mzee Musyoka akamwambia, "Tafuta mtu wa vyuma vikuukuu alichukue hilo gari. Klachi inakanyagwa na mguu nisiokuwa nao."

Watu wa vyuma walifika siku ya Jumatatu. Mama alikuwa ameketi ndani ya gari, kwenye kiti alichokishona mwenyewe.

"Mama Maurine, toka," Baba alimwambia akiwa mlangoni, juu ya magongo.

"Sitoki. Kwanza nijibu. Hawa wa bodaboda, klachi wanaikanyaga na mguu?"

Baba aligeuka. Aliitazama pikipiki iliyoegeshwa ng'ambo ya barabara, klachi yake ya kubanwa kwa mkono. Kisha akawaomba radhi wale watu, wakaenda zao, naye akaomba aletewe penseli.

Kwa miezi saba yeye na Mzee Musyoka walihangaika. Walifunga mkono wa klachi ya pikipiki kwenye fimbo ya gia, wakauunganisha na klachi ya gari kwa waya. Waya wa kwanza ulikatika, wa pili ukateleza, wa tatu ukashika. Jumapili ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2019, Baba alimpeleka Mama kanisani kwa Datsun ya rangi ya machungwa. Lilizima mara mbili kabla ya kufika barabarani. Vijana wa mtaa walipiga makofi, mmoja akalisifu gari kwa sauti, "Buda, hiyo ndinga ni moto!" Baba alilia, na hakujaribu kuficha.

Alituzungusha kwa zamu kama alivyoahidi. Macho yalipoanza kufifia mwaka 2023, alihamia kiti cha abiria akaanza kumfundisha Mama. Waligombana kila kona. Mama alipata leseni Novemba 2024, akiwa na miaka sitini na saba.

Tarehe 3 Februari 2025 alilazwa hospitalini ugonjwa wa figo ulipomzidi. Tunawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Jumapili jioni Mama aliingia wodini peke yake.

"Nani amekuleta?" Baba aliuliza.

"Nimejileta."

"Na lile?"

"Na lile. Liko chini, nimeliegesha vizuri."

Baba alicheka hadi muuguzi akaja kuona kuna nini. Siku mbili baadaye, Jumanne tarehe 11 Februari, alfajiri, aliondoka kwa utulivu, Mama akiwa amemshika mkono.

Amemwacha mjane wake, Mama Benta, watoto wake Maurine, Sylvance na Carolyne, wajukuu watano, dada yake, Mama Perez, na rafiki yake wa miaka hamsini, Mzee Musyoka. Tunamshukuru Mungu kwa miaka sabini na moja aliyotupa naye.

Pumzika, Baba, kwa amani. Mama tutamtunza, na barabara anaijua.