Si Pepo, Ni Ugonjwa wa Kuanguka

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Rebeka, wa kambi ya wapasua mbao hapa Elburgon. Wacha nianze na sauti: debe likipigwa kwa mwiko. Ba-ba-ba! Mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Nilianza kuanguka nikiwa msichana mdogo wa shule. Hapa kambini ugonjwa huo tuliuita pepo, basi. Na jina hilo, ndugu zangu, lilikuja na sheria zake. Tuliambiwa pepo akimtoka mtu hutafuta nyumba nyingine, na njia yake ni lile povu la mdomoni. Kwa hiyo nikianguka watu walirudi nyuma, akina mama wakapiga debe ili pepo akimbilie msituni. Hakuna aliyenigusa. Si kwamba walikuwa wabaya! Hao hao waliniletea uji baadaye, ila waliuacha mlangoni.

Mimi ni mtu wa kuota ndoto hata nikisugua sufuria. Niliota nimevaa gauni jeupe, naimba mbele ya kanisa. Marita wa kwaya akanitania, "Wewe Rebeka, ukitaka kuimba na sisi, imba ukiwa umefunga mdomo!" Tukacheka sote wawili. Nyumbani nililia.

Siku moja tulikuwa tukipika chai nyuma ya kanisa. Nikaanguka, mguu ukaingia motoni. Debe likalia. Wakazidi kulipiga, na mguu unaungua! Mama yangu ndiye aliyekuja mbio kutoka mtoni akanivuta. Kovu ninalo.

Lori la mbao likatupeleka hospitali Nakuru. Daktari alinifunga mguu, kisha akauliza niliangukaje motoni. Mama akanong'ona, "Ni pepo, bwana daktari."

"Hapana, mama. Huu ni ugonjwa wa kuanguka, unatoka kwenye ubongo. Hauambukizi kwa mate wala kwa pumzi. Akianguka, mtoeni kwa moto, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkae naye." Akanipa dawa ya kumeza kila siku.

Nilirudi na furaha, nina jina jipya! Lakini Mama Yohana, mkubwa wa akina mama kanisani na mpiga debe hodari kuliko wote, alikunja uso. "Hilo ni jina la hospitali. Sisi tunajua tulichoona."

Mama akanifungua bendeji hapo hapo. "Na kidonda hiki, mama, umekiona? Alichomeka wewe umesimama karibu, mwiko mkononi."

Mama Yohana aliutazama mguu, akaenda zake. Lakini Jumapili akasimama mbele ya watu wote. "Huyu mtoto asiitwe tena mwenye pepo. Ana ugonjwa wa kuanguka. Na mtu akianguka, si huinuliwa?" Wengine waliguna. Hata mimi sikujua kama watanishika.

Kisha nikaanguka tena, katikati ya wimbo. Nilipozinduka sikusikia debe. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Mama Yohana, povu limelowesha leso yake, naye anamkaripia Marita, "Umesimama kama mti, unashangaa nini? Lete maji! Mtoto ameanguka tu." Haleluya!

Ndugu zangu, bado naanguka mara moja moja, sitawadanganya. Lakini siogopi, kwa sababu kuna mikono. Namshukuru Mungu kwa dawa, na kwa Mama Yohana. Na wewe ambaye mtoto wako amefungwa na jina baya, mtumaini Bwana, umpeleke hospitali. Yesu hachukii dawa!

Lile debe nililikuta limetupwa nyuma ya kanisa, limebonyea. Nilikuwa peke yangu. Nikalitoboa chini kwa msumari, nikalijaza udongo, nikapanda maua. Halafu nikaligonga kwa mwiko, kujaribu tu. Halikulia.