Leland Vavra, Mwalimu wa Vijana Watano wa Mbele

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha uchomeleaji na futiboli ya Kimarekani katika Shule ya Sekondari ya Marek, Nebraska, Mwalimu Leland Vavra anastaafu rasmi tarehe 30 Mei. Karakana itapumua. Sisi wa chumba cha walimu, tuliozoea kumsikia akifoka ng'ambo ya ukuta, tutahangaika na ukimya.

Alikuja kijana mwembamba kutoka shamba la mahindi la baba yake, akakabidhiwa wale watano wa mbele: vijana wasioshika mpira, kazi yao kusukumana na walinzi wa upande wa pili ili mbeba mpira apate njia. Gazeti haliwataji. Vavra aliwapenda kama wanawe, na kila Alhamisi aliwaletea kolachi, vile vimaandazi vyenye jamu katikati, alizooka mkewe Darlene, bado za moto. Walimu tulioziiba tunaomba msamaha, ingawa tungeiba tena.

Marek hatutupi mpira hewani, tunakimbia nao. Hiyo ndiyo fahari yetu tangu babu zetu. Kwa hiyo msimu mmoja tulipopoteza mechi tatu mfululizo, mji mzima uliugua. Kila timu ilitujia juu. Watu wetu, wanaoanza wameinama vidole chini, kabla hawajainuka vizuri, walinzi walikuwa wameshapenya, na mbeba mpira anaangushwa nyuma ya pale alipoanzia.

Mgahawani hukumu ilikuwa moja: vijana wa mbele ni legelege. Mwanangu Cody, mmoja wa wale watano, aliambiwa hivyo usoni kwenye kituo cha mafuta. Akarudisha jezi, akawa anajifungia chumbani bila kula nasi. Kocha mkuu, Roy Bartunek, naye hakumung'unya maneno: "Ijumaa tukikwama tena, Leland, tunaanza kurusha mpira, na wewe ubaki na vyuma vyako."

Vavra akazirudia video za mechi mpaka Darlene akamhamishia televisheni gereji. Huko akaona kilichotuua. Kila tulipotaka kuzungukia pembeni, vijana wawili wa kuongoza msafara, Cody akiwa mmoja wao, waliegemea nyuma kidogo, vidole vikigusa nyasi kwa ncha tu. Walinzi walikuwa wakisoma vidole hivyo, wanaondoka mapema. Na mkao huo aliwafundisha Vavra mwenyewe, ili watoke haraka.

Angeweza kuurekebisha kimya kimya, nani angejua? Badala yake, Jumatatu alisimama mbele ya wazazi wote, kofia mkononi.

"Watoto wenu si legelege. Mimi ndiye niliyewafundisha mkao unaouza siri yetu. Mwenye tusi aniletee mimi, amwache Cody Kolar."

"Sasa tufanyeje, bwana, tusali?" akafoka baba mmoja kutoka nyuma.

"Salini tu, Ed. Lakini wale jamaa si wanapenda kuja mbio? Basi Ijumaa tuwaache waje."

Kutoka pale alikuja moja kwa moja nyumbani kwetu, jezi ya Cody kwapani. Hakubembeleza. Alimwambia, kupitia mlango wa chumba uliofungwa, alichokuwa amewaambia wazazi, kisha akaiweka jezi kwenye kiti na kuaga.

Ijumaa tulicheza na majirani zetu wa Klement. Vidole vikawa vyepesi kama kawaida, safari hii kwa makusudi. Cody na mwenzake wakachomoka kuelekea pembeni, walinzi wa Klement wakawafuata kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa, na katikati pakabaki wazi. Mbeba mpira wetu akapita hapohapo. Walipozinduka na kuanza kukaa katikati, tukawazungukia pembeni kwelikweli. Tulishinda, na hakuna mpira uliorushwa. Bartunek alimkumbatia Vavra mbele ya jukwaa zima, naye Vavra akasimama wima kama nguzo ya uzio, hajui mikono aipeleke wapi.

Baadaye yalikuja mataji mawili ya jimbo, na wachomeleaji wake wametapakaa kaunti nzima. Tunajivunia yote hayo, tena kwa sauti.

Mwalimu Vavra, nenda ukapumzike kwa afya na furaha, wewe na Darlene, na kila siku yenu ijayo iwe njema. Shule inakushukuru kwa ushindi. Mimi nakushukuru kwa Jumatatu ile, kwa sababu ulipoondoka mlangoni kwetu, mwanangu alitoka chumbani, akaketi mezani na kuuliza kama chakula kimebaki.

Judith Kolar, Idara ya Jiografia