Tonge la Mchicha

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Chikongola, ubavuni mwa duka la spea za baiskeli: benchi moja refu na birika la kahawa la Sudi. Thabiti, kuli mstaafu wa bandarini, tunamwita Nguru, maana tangu tumjue chakula chake ni ugali wa muhogo na samaki nguru, basi. Hata harusini huja na kitoweo chake kwenye kopo, na wenye shughuli wameshamzoea. Siku ile alifika, akapokea kikombe, akakiweka benchini bila kuonja.

— Nguru, na kahawa nayo umeisusa? Sudi akamuuliza.

— Mjukuu wangu Hafsa kapimwa kliniki. Damu iko chini. Akikimbia kidogo na wenzake anakaa chini.

Hafsa ni mtoto wa kijiwe kizima. Akija kumwita babu yake, haondoki bila kashata.

— Wamesemaje? nikauliza.

— Ale mchicha, maharage, maini. Mama yake anapika, mtoto anafumba mdomo. Anataka ugali na samaki tu.

Gideoni, wakala wa kutoa mizigo bandarini, akajisogeza. Huyu tunamwita Kontena, kwa sababu kwake kila jambo limeletwa na meli.

— Ni hizi mbegu za siku hizi. Zinakaa baharini muda mrefu ndani ya chuma, mboga inaota na ladha ya chuma. Ulimi wa mtoto bado mpya, unaisikia. Sisi ndimi zimeshachakaa.

— Mchicha unaouzwa hapa mtaani mbegu zake wakulima wanazivuna wenyewe, Sudi akasema. Zimepanda meli gani?

Kontena akanywa kahawa kidogo.

— Mimi nasema ni hewa, Sudi akaendelea. Mtoto wa pwani anavuta chumvi tangu anazaliwa. Tumbo linazoea bahari, kitu cha bara kikiingia linakikataa. Ndiyo maana wenzetu wa Newala wanakula uyoga, sisi hatuwezi.

— Wewe uyoga umewahi kuonja? Kontena akamuuliza.

— Niuonje wa nini, na nimeshakwambia hatuwezi?

Tukacheka, hata Nguru akatabasamu. Kontena akapata nguvu upya.

— Basi tatizo ni jina. Mtoto akiwa tumboni anasikia. Mama alikuwa akiugombeza mchicha sokoni kwa bei yake, mtoto akajua huyu ni adui. Ubadilisheni jina, muuite samaki wa nchi kavu.

Hapo ndipo Mwaisha, binti yake Nguru, alipotokea kamshika Hafsa mkono, na mkono wa pili kabeba bakuli la ugali na mchicha lililofunikwa sahani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, kagoma tena. Namuuliza kwa nini, anasema majani ni ya mbuzi. Kwangu hakuna anayesema hivyo. Hilo neno kalitoa wapi?

Sudi akaanza kuchochea mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu. Kontena akatoa simu. Mimi nikatazama barabara. Maneno hayo tumeyasikia benchini miaka na miaka, na sote tulijua yanatoka mdomo gani.

Nguru akasema taratibu, kama anaongea na kikombe:

— Nilipokuwa mdogo kijijini, mwaka wa njaa, tulikula majani ya porini asubuhi na jioni, bila chumvi. Nilipopata kazi bandarini nikaapa sitayala tena.

— Hukuwahi kunambia, baba.

— Ningekwambia nini? Lete hilo bakuli.

Akanawa kwa maji ya Sudi. Akamega ugali, akachota mchicha, akautia mdomoni. Alitafuna muda mrefu, machozi yakimlengalenga, kisha akameza. Hafsa alisimama mbele ya magoti yake, anautazama mdomo wa babu.

— Babu, mtamu?

— Hapana. Una uchungu kidogo. Lakini una nazi.

Mtoto akafikiri. Kisha akafungua mdomo, babu akamlisha. Nusu aliitema, nusu akaimeza, akajifuta kwa mkono.

Mwaisha akamega tonge jingine, kubwa zaidi. Akampa baba yake kwanza.