Mkono Mfukoni: Maisha ya Papa Néhémie Etabo, 1963–2024

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikigundua kwa Papa Néhémie Etabo Mmongelwa ni mkono wake wa kushoto, kwa sababu haukuonekana. Uliishi mfukoni. Alisalimia kwa mkono wa kulia, alikata fufu, ugali wetu wa mihogo, kwa mkono wa kulia, na alipofungua kisanduku cha umeme ukutani, wa kushoto ulizama mfukoni kama panya shimoni. Wageni walidhani ni kilema au majivuno. Mpwa wake anayesoma maneno haya alikuwa na miaka sita alipomwona mara ya kwanza, akaogopa kuuliza kama mkono ule upo.

Alizaliwa Lweba tarehe 14 Aprili 1963, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Asukulu, mvuvi, na marehemu Mama Dorothée, mkulima wa mihogo. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alianza kutembea kabla ya kujua kukaa, na hakurudi nyuma kujifunza.

Alisoma shule ya msingi Lweba, kisha akapelekwa Kalemie kujifunza ufundi wa umeme, akapata diploma mwaka 1983. Huko karakanani rafiki yake Darius alishika waya kwa mikono miwili, akaanguka, asiinuke tena. Mwalimu aliwakusanya wanafunzi akawaambia: "Courant ikiingia mu mkono huu na kutokea mu ule, inapitia ku moyo. Mkono moja mufiche." Néhémie aliuficha siku hiyo hiyo. Hakumsahau Darius, na hakupata tena utulivu mahali penye waya.

Alifanya kazi katika kiwanda kimoja karibu na Uvira hadi vita vya 1996 vilipomvusha ziwa pamoja na familia yake. Walikaa kambini Nyarugusu miaka kumi. Aliporudi Baraka mwaka 2006 alikuta nyumba za zamani za wafanyabiashara zingali na waya zilizovikwa kitambaa, zilizowekwa kabla yeye hajazaliwa. Waya uliotengenezewa taa mbili ulibebeshwa groupe, yaani jenereta, ya jirani, baadaye paneli za jua, friji, pasi na televisheni. Kifaa cha kukata umeme kilipoungua, watu waliweka msumari.

"Musumari haukatikake, Papa," mwenye nyumba mmoja alimwambia kwa fahari.

"Ndiyo ile naogopa," alijibu. "Musumari itabakia, nyumba itaenda."

Nyuma ya kila nyumba aliyoitengeneza alipigilia fimbo ya chuma iliyovikwa shaba ili umeme uliopotea njia uingie ardhini. Udongo mkavu hauupokei vizuri, kwa hiyo aliwaomba bamama wamwage hapo maji ya kufulia wakati wa kiangazi. Walimtii vizuri mno. Mahali penye maji kila siku hapaachwi bure, basi walipanda lengalenga, mchicha wetu. Mwaka 2019 mama mmoja alikuwa akipalilia, akakuta chuma, akaking'oa, akakiosha na kukiweka kabatini kisipate kutu. Wiki nzima friji yake ikawa inauma kila mtu anayeigusa. Papa Néhémie hakugomba. Alikula lengalenga ile, akasema ni tamu, akapigilia chuma upya na kuweka juu yake jiwe lililopakwa chokaa. Tangu siku hiyo hakuacha nyumba bila jiwe jeupe.

Tarehe 12 Septemba 1987 alimwoa Mama Pulchérie Riziki kanisani Lweba. Siku ya kujitambulisha karibu posa ivunjike. Mjomba wa binti, Mzee Anatole, alikataa kupokea kitu chochote kutoka kwa kijana aliyesimama mbele ya wazee huku amezamisha mkono.

"Huyu anaficha nini? Kisu?"

"Naficha moyo, Mzee," kijana alisema, na akaeleza habari ya Darius.

Mzee Anatole akanyosha mkono kupokea. "Basi siku ya pete utautoa. Kisha urudishe, mutoto wetu asibakie mujane bure."

Aliutoa kwa dakika moja. Kwa kuwa fundi wa umeme havai pete kazini, pete nayo ikaenda kuishi mfukoni. Mungu aliwajalia watoto watatu: Guy, Divine na Merveille. Divine ndiye aliyerithi bisibisi.

Kukaa kulimshinda hata kwenye sherehe. Kwenye harusi moja, mchungaji akihubiri, yeye aligusa ukuta kwa mgongo wa mkono, karibu na waya.

"Papa Guy, kaa," mke wake alinong'ona.

"Ukuta iko na homa," alijibu, maana waya ndani zilikuwa zimepata joto, na muziki wa harusi ulizimwa.

Mwaka 2022 daktari alimwambia ana tension, damu inasukuma kwa nguvu mno, na moyo umechoka, apumzike. Mwaka huo huo avenue yetu, mtaa wetu huu, iliunda ushirika wa umeme wa jua. Kwa ombi lake, wanachama walikubaliana kwamba laini haitawashwa kwa mtu yeyote mpaka nyumba zote za zamani ziwe salama, maana mapaa yanagusana. Siku ikapangwa: Jumamosi, 17 Agosti 2024. Alizimaliza zote isipokuwa moja, kongwe kuliko zote, ya Mama Godelieve, aliyekataa kuvunjiwa kuta alizoachiwa na baba yake.

Tarehe 3 Agosti alianguka akiwa ngazini, akapelekwa hospitali. Hata kitandani aliinuka kila mara kutazama waya wa taa. Alhamisi tarehe 8, Mama Godelieve alimletea mukeke wa kukaanga.

"Umetoa zile waya?" mgonjwa aliuliza.

"We Papa Guy! Mi nakuletea samaki, we unaniuliza waya. Nyumba ya baba haijauma muntu."

"Ilikuwa inalala. Jumamosi ile ingine tunaiamusha. Mi sitakula."

Samaki alipoa. Mama Godelieve alitazama sahani, akamtazama yeye, kisha akafungua fundo la kikwembe, kitenge alichojifunga, akatoa ufunguo na kumpa Divine aliyekuwa kando ya kitanda. "Shika, uende haraka. Baba yako ataniulia samaki mara ya pili."

Alikula nusu. Ijumaa tarehe 9, saa mbili asubuhi, aliaga dunia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa nje ya blanketi. Mama Pulchérie alikuwa ameushika.

Siku ile ya ufunguo Divine alikuwa ameng'oa waya zote za kale na kumaliza vyumba viwili. Sebule ilibaki. Msiba ulimweka mkekani, kwa kuwa mtoto wa marehemu hagusi kazi kabla ya kuondoa matanga. Jana wazee wamemfungulia: kesho, Jumatatu, aende.

Papa Néhémie ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake Mama Vanessa, wapwa, na avenue nzima yenye mawe meupe nyuma ya nyumba. Bwana ampe kukaa, yeye ambaye hakukaa.

Sisi tunahesabu siku mpaka Jumamosi. Divine atapima sebule kwa mara ya mwisho, na Mama Godelieve amesema swichi ya kwanza itabonyezwa kwake, na yeye mwenyewe. Blauzi yake mpya iko kwa mshonaji. Ameomba mfuko mmoja, upande wa kushoto, wa kuingia mkono mzima.